Damu ya Pacha Mzima

Bi Cornelia wa mtaa wa Milanzi, Sumbawanga, alizaa mapacha, na tangu siku hiyo akajipa kazi ya kutunga sheria. Nguo zifanane, uji uwe sawa, na mmoja akikosea wachapwe wote. Aliyeonewa hakuwa na pa kukatia rufaa. Lakini sheria aliyoishika kuliko zote ilihusu dawa. Dawa yoyote iliyoingia nyumbani kwake, iwe mizizi ya kuchemsha au vidonge vya zahanati, ilianzia kwa pacha mzima. Mgonjwa alifuata. Bi Cornelia alisema ugonjwa huja ukimtafuta mmoja, na ukikuta wote wawili wana uchungu mdomoni, huchanganyikiwa ukaenda zake.

Epifania ndiye aliyekuwa mzima siku zote. Mwenzake Gaudiosa alipata surua, kifaduro, homa ya matumbo na kila kilichopita njiani, na Epifania akanywa dawa za vyote hivyo akiwa na afya yake. Ukubwani aliligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Alikuwa akiuza unga wa ulezi mtaa wa Kizwite, mwanamke mwenye mikono ya kazi na mdomo usiolala, na wateja wakimuuliza siri ya afya yake aliwaambia amekunywa dawa za watu wawili, magonjwa yanamwogopa. Walicheka. Naye alicheka, ingawa ladha ya ile mizizi alikuwa bado anaikumbuka.

Gaudiosa alipokutwa na saratani kwenye titi la kushoto, hakuna aliyefanya mzaha. Alipasuliwa, uvimbe ukatolewa, jeraha likapona vizuri. Kilichobaki ni mionzi, na mionzi haikuwepo Sumbawanga. Ilibidi asafiri hadi hospitali ya mbali na kukaa huko wiki kadhaa. Ila kabla ya safari, alisema Daktari Edwin, angetoa damu kidogo.

Daktari Edwin alikuwa kijana mpole aliyekuja na mradi wa utafiti, na alipenda kueleza mambo. Aliwaketisha mapacha na mama yao akawaeleza polepole. Watu hawafanani, alisema. Mionzi ile ile inayoua saratani humuunguza mmoja juu juu tu, akapona na kusahau. Mwingine, mmoja kati ya wengi, huungua hadi ndani, na mapafu yake hukakamaa yasiweze tena kuvuta hewa. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Damu ndiyo inayosema. Itapelekwa maabara, itapigwa mionzi ikiwa ndani ya kichupa, kisha wataangalia chembe zake zinavyojitengeneza baada ya kuungua.

"Tunaichoma damu kwanza ili tusije tukamchoma mtu," alisema.

"Ikichomwa huko, mwenyewe hasikii?" Bi Cornelia aliuliza.

Daktari alitabasamu. "Ikishatoka mwilini si ya mtu tena, mama."

Hilo ni neno la mtu aliyefika Sumbawanga juzi. Bi Cornelia alikuwa mtu wa kuokota kucha zake akishazikata, zisije zikamfikia mchawi, na saluni hakuacha hata unywele mmoja sakafuni. Lakini hakubishana. Aliitikia kwa adabu, na njiani kurudi nyumbani akatoa amri yake: kutoa damu ni sehemu ya dawa, na dawa inaanza kwa mzima. Epifania atangulie, Gaudiosa afuate.

"Mama, hii si mizizi," Epifania alisema. "Wale wanaandika majina."

"Kwani na mwenzako si atatoa? Watapata zote mbili. Kuna ubaya gani hapo?"

Gaudiosa alikuwa amekonda, na macho yake yalimwomba mwenzake waziwazi. Epifania akakubali shingo upande, kama alivyokubali utotoni.

Siku ya kutoa damu kulikuwa na baridi ile ya Juni, upepo ukipenya hadi kwenye mifupa, na kila mtu pale kliniki alikuwa amejitanda kitenge hadi kidevuni. Nesi Asnath, mama wa makamo aliyekwisha kuhudumia wagonjwa wa saratani miaka mingi, aliita "Gaudiosa!" bila kuinua macho. Epifania akaitika abee, akaketi, akanyoosha mkono. Sindano ikaingia, kichupa kikajaa. Nesi akakitia kwenye kisanduku cha barafu na kufunga kifuniko.

"Tayari, mama. Nenda kapumzike."

"Na yule..." Epifania alianza.

"Anayefuata!"

Hapo ndipo sheria ya Bi Cornelia ilipokwama. Nyumbani kila mtu alijua kwamba mzima akishakunywa, mgonjwa naye atakunywa. Nesi hakuyajua hayo. Alitaka mkono mmoja tu, na alikwisha kuupata. Watatu hao wakasimama kwenye korido wakitazamana. Nje, gari la kupeleka sampuli lilikuwa limeshawashwa. Wangemwambia nini? Kwamba walikusudia kumdanganya nusu tu? Aibu ikawafunga midomo. Bi Cornelia ndiye aliyesema mwishowe kwamba damu ya mapacha ni moja, na wote walitaka sana kumwamini.

Siku chache baadaye Epifania alikuwa kijijini Pito akivuna ulezi shambani kwake pamoja na wanawake wengine. Jua lilikuwepo lakini halikupasha. Ghafla, kwenye titi lake la kushoto, akasikia joto. Halikuwa maumivu, lilikuwa joto tu, kama la pasi iliyosogezwa karibu bila kugusa. Likadumu kidogo, likaondoka. Kisha akanusa nywele zinazoungua. Alisimama na kisu mkononi akatazama huku na huku. Hapakuwa na moto popote wala moshi, na wenzake walipoulizwa walisema hawanusi kitu. Akaendelea kukata, lakini alihamia mstari mwingine, karibu zaidi na watu.

Jioni alimweleza Gaudiosa, kwa sababu wao hawakuwahi kufichana kitu. Gaudiosa alimshika mkono.

Majibu yalipokuja, Daktari Edwin aliwaita ofisini, na safari hii hakutabasamu. Alisema damu ya Gaudiosa ni ya wale wachache. Tangu waanze mradi hakuwahi kuona damu iliyoungua namna ile. Ilipigwa mionzi Alhamisi asubuhi, na chembe zake hazikujitengeneza kabisa. Ziliendelea kufa tu.

Epifania alirudi nyuma kimawazo. Alhamisi asubuhi alikuwa Pito, kisu mkononi.

"Kwa hiyo tutapunguza mionzi," daktari aliendelea, akimtazama Gaudiosa. "Tukikupa kipimo kamili tutaharibu mapafu yako, huenda tukakuua. Tutakupa kidogo. Sikufichi, hicho kidogo huenda kisiimalize saratani. Lakini sina njia nyingine."

Gaudiosa aliinamisha kichwa. Bi Cornelia akamminya Epifania paja chini ya meza, kwa nguvu, akimkataza kusema. Na Epifania akaliona jambo lote lilivyo: mwenzake atapewa dawa nusu kwa sababu ya damu isiyo yake, saratani itarudi, na siku ya msiba yeye na mama yake watakaa kwenye mkeka wakijua walichokifanya. Akapiga moyo konde.

"Daktari, damu ile ni yangu."

Kilichofuata hakikuwa kizuri. Daktari mpole alipandisha sauti hadi watu wa korido wakanyamaza. Bi Cornelia alijitetea kwa sheria yake, na mbele ya meza ile ikasikika kama upuuzi hata masikioni mwake mwenyewe. Nesi Asnath akaja na sindano, akamtazama mgonjwa usoni, akamtazama na pacha wake, akaguna. Damu ya Gaudiosa ikachukuliwa.

Walipokuwa wakitoka, daktari alimwita Epifania pembeni. Hasira zilikuwa zimempoa.

"Wewe huumwi, na Mungu akuepushe," alisema. "Lakini likumbuke hili maisha yako yote. Ukiugua ukaambiwa habari za mionzi, sema kwanza. Mwili wako hautavumilia kipimo kamili. Itaanza kwa ngozi, watu wataona ni kidonda cha kawaida. Kuelekea mwisho ndipo itaingia mapafuni, na hapo hakuna wa kuirudisha."

Epifania alimshukuru. Ni jambo la ajabu kusomewa hukumu ya ugonjwa usiokuwa nao. Alitembea hadi Kizwite amejikumbatia kifua, na watu wakadhani ni baridi.

Damu ya Gaudiosa ilikutwa ni nzuri, inaungua na kujitengeneza upesi. Atapewa kipimo kamili, siku zote, bila kukatisha. Daktari alirudia neno la kutokatisha mpaka likawachosha. Mapacha waliagana stendi, kila mmoja akimfunga mwenzake kitenge shingoni.

"Pacha, sikiliza," Gaudiosa alisema. "Ukisikia lile joto, hata kidogo, unaniambia. Siku hiyo hiyo nashuka kitandani kwao narudi nyumbani. Sitapona juu ya mgongo wako."

"Wewe nawe! Damu yangu imeshamwagwa huko, nani anaihangaikia?"

"Niahidi."

Epifania akaahidi, tena akicheka.

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, alikuwa akimpimia mteja unga joto likamjia. Sasa halikuwa la kusogezewa. Lilikaa juu ya titi, likatulia, likafanya kazi yake, likaondoka. Mteja aliuliza kama amesahau hesabu. Jumanne likaja wakati ule ule. Jumatano vilevile. Jumamosi halikuja, wala Jumapili, na kanisani aliimba kwa sauti yake yote. Jumatatu likarudi.

"Huko kwenu Jumamosi mnapigwa?" aliuliza kwenye simu, kama mtu anayetafuta tu la kusema.

"Hapana, Jumamosi na Jumapili mashine inapumzika. Kwa nini?"

"Nauliza tu, mwenzangu."

Ngozi ikawa nyeusi kuliko ilivyozoea, ikakauka, ikaanza kuchubuka. Lakini kilichomtisha Epifania ni mipaka yake. Mtu akiungua kwa uji au mafuta, kidonda hutambaa kinavyotaka. Hiki kilikuwa na pembe nne, kingo zimenyooka kama zimepigwa rula. Aliacha kuvaa sidiria, akavaa magauni mapana yenye vifungo mbele. Mumewe Lazaro alikuwa Kasanga ziwani kwenye biashara ya samaki, migebuka, na kwa mara ya kwanza Epifania akashukuru hayupo.

Gaudiosa alipiga simu kila jioni, na kila jioni sauti yake ilikuwa na nguvu zaidi. Wenzake hosteli walikuwa wakiungua, alisema. Kuna mama mmoja hawezi hata kuvaa blauzi. Yeye ngozi yake ni kama ya mtoto mchanga. Wauguzi wanaitana kuja kumtazama.

"Na wewe? Husikii chochote?"

"Nisikie nini? Mimi fiti kabisa."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza kati yao tangu wazaliwe, na ulimtoka kwa urahisi uliomwogopesha.

Siku moja ya katikati ya wiki joto halikuja. Epifania alingoja asubuhi yote, akala mchana akingoja, jioni akathubutu kufurahi. Labda ulikuwa mzio wa sabuni. Labda ni mawazo tu, mwili nao huiga mambo. Alikuwa anapika simu ikaita.

"Leo hatukupigwa," Gaudiosa alisema. "Umeme ulikatika tangu alfajiri, tumerudishwa hosteli."

Epifania alikaa juu ya gunia la ulezi. Aliogopa, akaogopa kweli, kuliko alivyowahi kuogopa kitu maishani. Kama lingekuwa jini angeombewa, kama ungekuwa uchawi angetafuta mganga wa kumwagua. Hii ilikuwa dawa. Dawa nzuri, inayomponya ndugu yake, na ilikuwa ikipitia kwake.

Kidonda kilipoanza kutoa maji alienda kliniki kuomba mafuta ya kupaka. Nesi Asnath alikuwa na haraka zake. Alifungua vifungo vya gauni, akainama, akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuona vingi.

"Pole, mama. Umebakiza vipindi vingapi?"

"Wiki moja," Epifania akajibu kabla hajafikiri.

"Unakohoa?"

"Kidogo."

"Mwambie daktari wako, hii imeanza kuingia ndani. Unapigiwa hospitali gani?"

Nesi akainua macho, akamtambua. Mkono wake ukabaki hewani na chupa ya mafuta. Alimtazama usoni, akakitazama kile kidonda chenye pembe nne, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa kabati. Akafanya ishara ya msalaba. Epifania alijifunga vifungo mwenyewe, akaichukua chupa kutoka mkononi mwake, akaondoka.

Bi Cornelia alikuja Kizwite Jumatatu ya wiki ya mwisho, asubuhi, na kikapu cha maharage. Alimkuta mwanawe amekaa mlangoni akikohoa, gauni limeachana. Aliona kila kitu kwa mara moja. Kikapu kikamponyoka.

"Inafanya kazi," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Sheria yangu inafanya kazi. Mimi nilikuwa nawapa uchungu wa mdomoni tu, jamani. Wa mdomoni tu!"

"Shikamoo, mama," Epifania alisema.

"Mpigie mwenzako. Ashuke leo hii."

"Akishuka saratani itarudi. Daktari amesema asikatishe."

"Na asiposhuka?"

Epifania alitazama maharage yaliyomwagika. Wote wawili walikuwa ofisini siku ile. Mama naye alisikia habari za mapafu.

Simu ikaita. Alikuwa Gaudiosa. Alisema amesimama kwenye foleni, wanakaribia kumwita, lakini hana amani. Ameota wanachoma kitu nyumbani na yeye ndiye anayechochea kuni.

"Mimi mzima, pacha. Panda."

"Wewe siku hizi unajibu haraka mno. Mama yuko hapo? Namsikia anapumua. Mpe simu. Mama hajawahi kunidanganya."

Na ilikuwa kweli. Bi Cornelia alichapa, aliamuru, alionea, lakini hakudanganya watoto wake. Alipokea simu kwa mikono miwili. Alikitazama kifua cha Epifania kilichokuwa wazi mbele yake, ngozi imebanduka, na pumzi inayoingia kwa mikwaruzo. Maisha yake yote alikuwa ameamua nani atangulie. Hakuwahi kuulizwa nani abaki.

"Mama? Mwenzangu ni mzima?"

Epifania alimwomba kwa macho.

"Mzima," Bi Cornelia alisema. "Yupo hapa anapika uji. Panda, mwanangu."

Epifania ndiye aliyelitaka neno hilo, na bado lilipotoka lilimkata maini. Maana hadi dakika ile alikuwa akijitoa mwenyewe. Sasa alikuwa ametolewa na mama yake.

Bi Cornelia aliiweka simu chini. Akafunga mlango, akatandika mkeka, akamlaza mwanawe chali. Kisha akafungua vifungo vya blauzi yake mwenyewe, akalala juu yake kwa uangalifu, uzito wote akiubeba kwa viwiko, kifua chake kikuukuu kikifunika kile kidonda pembe zote nne.

"Leo mzima ni mimi," alisema. "Litaanzia kwangu. Litaishia kwangu."

Walingoja hivyo, uso kwa uso, karibu kuliko walivyowahi kukaribiana tangu Epifania aache kunyonya. Alinusa moshi wa kuni kwenye nywele za mama yake. Alisikia moyo wake ukienda mbio. Na kwa kitambo kidogo Epifania akaamini, kama alivyoamini alipokuwa mtoto, kwamba mwanamke huyu anaweza kuuamuru ugonjwa upite wapi.

Joto likaja kwa wakati wake. Lilimpita Bi Cornelia kama hayupo, likaingia penye kidonda, likaendelea kushuka hadi mahali ambapo halikuwahi kufika.

"Mbona sisikii kitu?" Bi Cornelia alinong'ona. "Wewe unasikia?"

Epifania alimkumbatia mgongoni kwa mikono yote miwili, ili asiinuke akamwona uso.

"Hapana, mama," alisema. "Leo halijaja."

Akabana kikohozi kadiri alivyoweza.